Mwenye Njaa Hana Miiko: Serikali za Kaunti, Masharti ya Korona na Fedha za Hifadhi ya Jamii

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mwenye njaa hana miiko. Methali hii aghalabu hutumiwa kueleza mwenendo wa mtu mmoja mmoja. Hata hivyo, kati ya Machi 2020 na Oktoba 2021 iligeuka kuwa suala la utawala wa nchi nzima. Katika kipindi hicho serikali ya Kenya iliweka miiko mingi: watu wasitoke nje usiku, wasivuke mipaka fulani, wasikusanyike, wasifungue baadhi ya biashara. Kila mwiko ulikuwa na sababu yake ya kiafya. Kila mwiko ulikuwa pia na gharama, na waliotangulia kuilipa ni vibarua na wachuuzi ambao chakula chao cha usiku hutokana na mauzo ya mchana.

Makala haya yanaeleza jinsi serikali kuu na serikali 47 za kaunti zilivyogawana kazi mbili wakati wa janga la korona: kuweka na kulegeza masharti kwa upande mmoja, na kufadhili hifadhi ya jamii kwa upande wa pili. Hoja inayoendelezwa ni kuwa kazi hizi mbili kimsingi ni kazi moja. Anayefunga soko huwa ameamua pia ni nani atakayelala njaa. Kwa hiyo, uamuzi wa kufunga, wa kufungua na wa kulipa unafaa kufanywa kwa pamoja. Nchini Kenya maamuzi hayo yalikuwa katika mikono tofauti, na mikono hiyo haikukutana kila mara.

Ufafanuzi wa istilahi

Kabla ya kuizamia mada, ni vyema kufafanua istilahi chache. Ugatuzi ni uhamishaji wa mamlaka na rasilimali kutoka serikali kuu hadi serikali za chini. Neno hili lilipata mashiko nchini baada ya Katiba ya 2010 kuunda kaunti. Hifadhi ya jamii ni mipango ya kuwakinga watu dhidi ya umaskini na majanga, hasa kwa kuwapa pesa taslimu, chakula au vibarua. Nchini Tanzania, dhana iliyo karibu na hii hujulikana kama kunusuru kaya maskini. Janga lenyewe lilizua majina tofauti: Watanzania walikubali UVIKO-19, ilhali Wakenya wengi walibaki na korona. Barakoa, ambalo kwa muda mrefu lilikuwa jina la kifuniko cha uso cha wanawake wa pwani na Oman, lilipanuka kimaana likawa neno la kila siku.

Istilahi ya mwisho ni kufungua nchi. Msemo huu unamchorea msikilizaji mlango mmoja wenye ufunguo mmoja. Uhalisia wa kikatiba ulikuwa tofauti, kama sehemu inayofuata inavyobainisha.

Mgawanyo wa mamlaka

Ibara ya 6 ya Katiba inasema kuwa serikali za viwango viwili ni tofauti lakini zinategemeana, na kwamba zitahusiana kwa misingi ya mashauriano na ushirikiano. Jedwali la Nne linafafanua majukumu. Serikali kuu imepewa sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa, pamoja na polisi. Serikali za kaunti zimepewa vituo vya afya vya kaunti, huduma za ambulensi, masoko, leseni za biashara, usimamizi wa maeneo yanayouzia umma chakula, uzoaji wa taka, makaburi na vyumba vya kuhifadhia maiti. Udhibiti wa majanga umetajwa katika orodha zote mbili.

Mgawanyo huu ulimaanisha kuwa hakuna aliyeweza kukabili korona peke yake. Amri ya kutotoka nje ilitangazwa na Rais na kutekelezwa na polisi, lakini mgonjwa alipelekwa katika hospitali ya kaunti. Sheria ya Mahusiano baina ya Serikali ya 2012 ilikuwa imeandaa jukwaa la hali kama hiyo, yaani Mkutano Mkuu wa Rais na magavana wote, pamoja na Baraza la Magavana. Nairobi ilikuwa na hali yake ya pekee. Mnamo Februari 2020, majuma machache kabla ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini tarehe 13 Machi, baadhi ya majukumu ya kaunti hiyo, yakiwemo ya afya, yalikuwa yamekabidhiwa serikali kuu chini ya Ibara ya 187.

Kufunga na kufungua

Amri ya kutotoka nje ilianza tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Jioni hiyo ya kwanza, katika kivuko cha Likoni, umati wa watu waliokuwa wakiharakisha kurudi makwao ulitawanywa kwa gesi ya kutoa machozi. Watu walioamriwa kutosongamana walisongamana kwa sababu ya amri yenyewe, kwani feri ni chache na wote walitakiwa kuvuka kabla ya saa moja.

Saa hiyo iliwaathiri wengine pia. Mama anayeuza sukumawiki na nyanya kando ya barabara hutegemea wafanyakazi wanaopita wakirudi nyumbani kati ya saa kumi na moja na saa mbili usiku. Kwake, amri ya saa moja ilikata saa zenye wateja wengi zaidi. Amri iliposogezwa hadi saa tatu usiku mwezi Juni 2020, tofauti ya saa mbili ilikuwa tofauti ya kula na kutokula.

Mnamo Aprili 2020 usafiri wa kuingia na kutoka eneo la jiji la Nairobi, na vilevile Mombasa, Kilifi na Kwale, ulisitishwa. Mandera ilifuata mwezi huohuo. Mpaka uliowekwa kuzunguka Nairobi unafunza mengi. Haukufuata mipaka ya kaunti. Ulijumuisha Nairobi yote, sehemu za Kiambu hadi daraja la mto Chania, sehemu za Machakos hadi Athi River, na miji ya Kajiado kama Kitengela, Ongata Rongai na Ngong. Aliyeuchora alizingatia mahali watu wanapoishi na kufanya kazi. Hata hivyo, kila gavana wa kaunti iliyogawanywa hivyo alibaki na bajeti moja na watu wa aina mbili: walio ndani ya uzio na walio nje yake.

Ufunguzi ulitangazwa tarehe 6 Julai 2020. Usafiri kati ya kaunti uliruhusiwa, ndege za ndani zikarejea tarehe 15 Julai na za kimataifa tarehe 1 Agosti. Mwezi uliotangulia, kaunti zilikuwa zimetakiwa kila moja kuandaa angalau vitanda 300 vya kuwatenga wagonjwa. Sharti hilo lilikuwa na mantiki, kwa kuwa watu wakianza kusafiri, ugonjwa husafiri nao, na kaunti ndizo zenye wodi. Kwa njia hii uamuzi wa kitaifa ulifungamanishwa na uwezo wa kaunti. Lililobaki ni swali la fedha.

Fedha zilizochelewa

Kaunti hupata fedha kwa njia kuu mbili: mgao wa mapato ya taifa, na makusanyo yake zenyewe. Makusanyo hayo hutokana na ada za soko, maegesho ya magari, leseni za biashara na kodi za ardhi. Hapa ndipo penye utata usioonekana kwa haraka. Kaunti inapofunga soko la wazi ili kuwakinga watu, huwa imefunga pia mojawapo ya visima vyake vya mapato. Hivyo, kaunti ilihitaji fedha zaidi katika wakati uleule ambapo makusanyo yake yalididimia.

Mgao wa taifa nao ulikwama. Ibara ya 219 inataka fedha za kaunti zitumwe bila kucheleweshwa pasipo sababu na bila kukatwa. Lakini katika mwaka wa fedha wa 2020/21, Seneti ilishindwa kukubaliana juu ya fomyula mpya ya kugawa shilingi bilioni 316.5. Maseneta wa kaunti zenye watu wengi walivutana na wale wa kaunti pana zenye watu wachache. Mwaka wa fedha ulianza tarehe 1 Julai, nchi ikafunguliwa siku chache baadaye, na mwafaka ukapatikana tarehe 17 Septemba. Wakati huo Baraza la Magavana lilikuwa tayari limetangaza kuwa shughuli za kaunti zingesimamishwa kwa kukosa fedha. Kwa takriban miezi miwili na nusu, kaunti zilitakiwa kutimiza masharti ya ufunguzi bila sheria ya kugawana fedha za mwaka huo.

Mwafaka wenyewe ulipatikana kwa ahadi ya kuongeza mgao wa mwaka uliofuata hadi shilingi bilioni 370, ili kaunti yoyote isipoteze. Kwa mzozo wa kisiasa, hilo lilikuwa suluhisho. Kwa mgonjwa wa Agosti 2020, mgao wa 2021 haukuwa dawa.

Nani maskini? Suala la orodha

Tofauti na afya, hifadhi ya jamii ilisimamiwa zaidi na serikali kuu. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya hifadhi hiyo, na inaitaka dola iwasaidie wasioweza kujikimu. Kabla ya janga, mpango wa Inua Jamii uliwapa wazee, mayatima na watu wenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mnamo Machi 2020 Rais alitangaza nyongeza ya shilingi bilioni 10 kwa wazee, mayatima na wengine wasiojiweza. Baadaye baadhi ya kaya zilitumiwa shilingi 1,000 kwa wiki kupitia simu, na vijana wa mitaa ya mabanda wakaajiriwa katika Kazi Mtaani.

Tatizo kubwa lilikuwa kumtambua mhitaji. Orodha za Inua Jamii zilihusu umaskini wa kudumu: mkongwe, yatima, mlemavu. Korona ilizaa maskini wa aina mpya, kama vile mhudumu wa hoteli Diani, utingo wa matatu, na dobi anayefua nguo nyumba hadi nyumba. Hawa hawakuwa katika orodha yoyote.

Katika kijiji kimoja cha Kenya mna maafisa wa serikali mbili. Chifu na naibu wake huwajibika kwa serikali kuu; msimamizi wa wadi na wahudumu wa afya wa kujitolea hufanya kazi upande wa kaunti. Mhudumu wa afya hutembelea kaya na kujua ni nani aliyelala bila chakula. Lakini uteuzi wa wapokeaji wa pesa za kitaifa ulipitia zaidi kwa machifu na kamati za mitaa, huku kaunti kadhaa zikigawa vyakula kwa orodha zake zenyewe. Matokeo ya orodha mbili zisizolinganishwa hutabirika: kaya moja inaweza kupata mara mbili na jirani yake akakosa kabisa. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya Julai 2021 ilieleza kuwa pesa za kila wiki ziliifikia sehemu ndogo tu ya kaya zenye uhitaji jijini Nairobi, na ikakosoa uwazi wa uteuzi.

Kazi Mtaani ilionyesha uwezekano mwingine. Awamu ya pili, iliyoanza Julai 2020, ililenga vijana zaidi ya 270,000 katika kaunti zote 47 kwa ujira wa shilingi 455 kwa siku. Walizibua mitaro na kuzoa taka, kazi ambazo kikatiba ni za kaunti, ilhali ujira ulitoka serikali kuu. Pasipo mashauriano, mpango kama huu haufanyi kazi: mmoja ana fedha, mwingine anajua mtaro ulioziba.

Mafunzo

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, tangazo la sharti liandamane na tangazo la fidia. Mnamo Machi 2021 kaunti za Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru zilifungwa pamoja hadi tarehe 1 Mei. Juni mwaka huo kaunti 13 za magharibi na za ukanda wa Ziwa Victoria ziliwekewa amri ya saa moja jioni. Kufikia hapo, malipo ya kila wiki ya mwaka uliotangulia yalikuwa yamekoma. Miiko ilirudi ilhali sahani haikurudi.

Pili, daftari la kaya zenye uhitaji liandaliwe kabla ya janga, na likaguliwe na maafisa wa serikali zote mbili. Tatu, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaziruhusu kaunti kuanzisha hazina ya dharura. Akiba hiyo ndiyo ingeziba pengo wakati Seneti inapojadiliana.

Hitimisho

Amri ya kutotoka nje iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, wakati wa sherehe za Mashujaa katika uwanja wa Wang'uru, Kirinyaga. Mnamo Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa korona si dharura ya kimataifa tena. Katiba haijabadilika: afya ingali ya kaunti, polisi wangali wa serikali kuu, na janga lingali katika orodha zote mbili. Siku miiko mingine itakapohitajika, iwe kwa ugonjwa au kwa mafuriko, utiifu wa wananchi hautategemea ukali wa amri pekee. Utategemea pia kama serikali zilizoketi kuamua saa ya kufunga soko ziliamua, katika kikao hichohicho, chakula cha mwenye kibanda kitatoka wapi.