Mcheza Kwao Hutunzwa: Je, Na Kwetu Uvira?

Wazee walisema: Mcheza kwao hutunzwa. Neno hilo lajulikana toka pwani ya Bahari ya Hindi mpaka huku kwetu kwenye Ziwa Tanganyika, na kila mtu hulikubali mara alisikiapo. Lakini tukiwatazama vijana wetu wapigao gitaa katika mji wa Uvira, twaingiwa na shaka. Vijana hao hucheza kwao, tena hucheza vizuri. Kutunzwa ndiko kunakokawia. Leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu, hasa akina baba na akina mama wenye watoto wa umri huo, juu ya kazi yao na ujira wao.

Uvira ni mji mwembamba, uliobanwa kati ya milima na ziwa. Kusini iko bandari ya Kalundu, kaskazini uko mpaka wa Kavimvira, na mtu akiisha kuvuka hufika Bujumbura baada ya mwendo wa kilomita 30 hivi. Katika mahali kama hapo muziki hauulizwi hati ya kusafiria. Rumba ya Kinshasa hufika, ngoma za Burundi hufika, na nyimbo za Kiswahili za Kigoma na Dar es Salaam hufika vilevile. Vijana huzisikiliza zote, kisha hujitungia zao wenyewe.

Kabla vita vya mwaka 2025 havijafika mjini tulipata kukaa nao jioni moja ya Jumamosi. Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba kirefu cha matofali chenye paa la bati, viti vya plastiki na taa mbili. Okestra zilikuwa tatu, lakini seti ya ngoma ilikuwa moja tu, na gitaa la besi lilipokezanwa mkono kwa mkono. Kundi la kwanza lilikuwa la wanafunzi waliojifunza kupatanisha sauti katika kwaya ya parokia. Kundi la pili lilikuwa la vijana wakubwa kidogo: mmoja huendesha pikipiki ya abiria, mwingine huuza mikeke na ndagala sokoni pamoja na mama yake. Katika wimbo wao wa pili umeme ulikatika. Hawakunyamaza. Mpiga ngoma aliendelea, waimbaji wakaimba kwa sauti zao tupu, na watu wakawasaidia kwa makofi mpaka jenereta lilipowashwa. Wimbo ule ulihusu mto Mulongwe, uliofurika mwezi wa Aprili 2020, ukabomoa nyumba na kuua watu. Mama mmoja karibu yetu alijifuta macho. Redio haijapata kumwimbia mama yule habari za mtaa wake.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya wanamuziki wa mji. Wageni huimba mapenzi na fahari za mji mkuu. Kijana wa Mulongwe huimba mto wa Mulongwe. Asipouimba yeye, nani atauimba?

Labda msomaji atasema: Kupiga gitaa ni mchezo wa wavivu. La hasha! Katika okestra ya rumba kila gitaa lina kazi yake. Moja hushika mapigo bila kuyaacha; la pili, liitwalo mi-solo, hufuma katikati; la tatu huongoza na kupamba; na besi huyabeba yote kama mhimili wa nyumba. Waimbaji wakiisha kusema maneno yao, huja sehemu iitwayo sebene: hapo magitaa ndiyo yasemayo, na watu huinuka kucheza. Mmoja akikosea hesabu, nyumba nzima huanguka. Kazi hiyo haifundishwi kwa juma moja, wala haifundishwi chumbani peke yake. Yahitaji watu wa kusikiliza. Kwa hiyo twasema kwamba ukumbi mdogo ni shule.

Na tusidhani kwamba shule hiyo ni duni. Mwezi wa Juni 1956, huko Leopoldville, mji uitwao leo Kinshasa, vijana kadha walianza kupiga muziki katika baa moja iliyoitwa O.K. Bar, mali ya bwana Oscar Kashama. Mmoja wao alikuwa Franco Luambo, ambaye hajatimiza bado miaka 18. Okestra yao ilichukua jina la baa ile, ikaitwa O.K. Jazz, na kwa zaidi ya miaka 30 jina hilo lilitajwa Afrika nzima. Tena mwezi wa Desemba 1969, katika mji huohuo, vijana wengine walianzisha Zaiko Langa Langa. Wao waliacha tarumbeta na saksafoni, wakayatanguliza magitaa na ngoma. Vijana wa Ulaya nao walikuwa wamepita njia kama hiyo kwa muziki wao wa roki: The Beatles wa Liverpool, kati ya 1961 na 1963, walipiga karibu mara 300 katika Cavern Club, ukumbi mdogo uliokuwa chini ya ardhi. Hakuna katika hao aliyeanza katika uwanja mkubwa.

Basi, kwa nini vijana wa mashariki ya Kongo wakikomaa huondoka? Habari hii ni ya zamani. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimkuta kijana Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, akaziweka nyimbo zake za Kiswahili katika sahani za santuri. Baadaye kijana yule alikaa Nairobi, na wapiga gitaa wa Kenya walijifunza kwake. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947, alikwenda Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Huko akapata sifa kuu na Super Matimila, akahesabiwa kuwa mtu wa Tanzania, na huko alifariki mwaka 2010. Orchestra Maquis, yenye asili ya Katanga, ilifanya maskani Dar es Salaam. Super Mazembe ilifanya maskani Nairobi. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, aliongoza Nairobi okestra aliyoiita Virunga, jina la milima yetu ya Kivu.

Kila mmoja alikuwa na sababu zake za kusafiri, nasi hatuwalaumu. Lakini jambo moja ni wazi: huko walikokwenda walikuta kumbi zenye siku zao maalumu kila juma, na watu waliozoea kulipa mlangoni. Jirani zetu waliwatunza, wakabaki nao. Sisi tukanunua kanda za nyimbo zao.

Tufanye hesabu kidogo, kwa mfano tu. Watu 60 huingia ukumbini, kila mmoja hutoa faranga 2,000: jumla ni faranga 120,000. Toa faranga 40,000 za mafuta ya jenereta, na 20,000 za kukodi spika. Zabaki 60,000. Okestra ni tatu, kila moja ina watu watano: kila mtu apata faranga 4,000. Na hapo bado nauli ya kurudi nyumbani usiku, na nyuzi za gitaa zilizokatika. Tena mfano wetu umewahesabu watu 60 kana kwamba wote wamelipa. Msomaji ajua mambo yalivyo mlangoni! Huyu ni shemeji wa mpiga besi, yule alisoma na mwimbaji, na wa tatu asema ataingia dakika moja tu kumtafuta ndugu yake. Ndugu huyo haonekani mpaka sebene ya mwisho.

Watu wasipolipa mlangoni, mwanamuziki hutafuta mlango mwingine. Mlango huo waitwa libanga, neno la Kilingala ambalo maana yake ni jiwe. Tajiri hutoa fedha ili jina lake litajwe ndani ya wimbo. Wa pili naye hutoa, na wa tatu. Mwishoni wimbo hujaa majina kama daftari la madeni, na habari za mto na za mama aliyefiwa hazipati nafasi tena. Hatusemi kwamba kila atajaye jina la mfadhili afanya vibaya. Twasema kwamba aliyelipa ndiye achaguaye maneno. Basi yafaa walipaji wawe wengi, kila mmoja kwa kidogo chake.

Twajua hofu ya wazazi: usiku, pombe, na barabara isiyo na taa. Hofu hiyo ina haki. Lakini dawa yake si kumvunjia kijana gitaa. Dawa ni kupanga saa. Muziki ukianza saa kumi alasiri na kwisha mapema, mama aweza kuja na binti zake, na baba aweza kuketi mbele. Mwenye ukumbi atauza soda nyingi kuliko pombe, naye hatapata hasara. Kijana aonaye wazazi wake wameketi kumsikiliza hujichunga katika maneno yake na mwenendo wake.

Na vita? Mwaka 2025 Goma ilitekwa mwezi wa Januari, Bukavu mwezi wa Februari, na mwezi wa Desemba vita vikafika Uvira yenyewe. Maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi. Mtu akimbiaye hubeba mtoto, sufuria na godoro. Gitaa na spika hubaki nyuma, na mara nyingi havikutwi tena. Okestra iliyojengwa kwa miaka mitano huweza kutawanyika kwa siku moja. Kwa sababu hiyo vijana wanaojikusanya tena, hata kwa gitaa moja la kuazima, wastahili msaada wetu kuliko zamani.

Mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya nchi mbili za Kongo katika urithi wa binadamu wote. Ni heshima kubwa, nasi tuliifurahia. Walakini heshima hainunui nyuzi za gitaa.

Haya ndiyo tuwezayo kuyafanya bila kungoja serikali wala wafadhili. Mwenye ukumbi na apange siku moja ya juma, asiibadili, na aandike mbele ya wanamuziki wote fedha zilizoingia na zilizotoka. Okestra ndogo na ziungane kununua seti moja ya ngoma na spika mbili, ziwe mali ya wote. Mwalimu mwenye kwaya na amruhusu kijana kufanya mazoezi ya gitaa baada ya masomo.

Nawe, ndugu msomaji, siku utakapomwendea mpwa wako kumsikiliza, usimwambie mlinzi kwamba wewe ni mjomba wa mpiga gitaa. Lipa kiingilio chako kama watu wengine, uketi, usikilize mpaka mwisho. Ujomba utampa nyumbani.