Picha zetu zisikae bila maelezo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumze na wasomaji wenzangu juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo, lakini mimi naliona kubwa. Jambo lenyewe ni picha tunazopiga sisi wananchi wa kawaida, ambao upigaji picha si kazi yetu ya mshahara: picha za ziwa, za mashamba, za mwaloni, za gulio na za watu katika shughuli zao. Picha hizo sasa ni nyingi kuliko wakati wowote uliopita, kwa kuwa simu zenye kamera zimefika hata vijijini. Lakini nyingi hazina maelezo. Haijulikani zimepigwa wapi, lini, nani yumo, wala siku hiyo kulikuwa na nini. Hoja yangu ni kwamba picha isiyo na maelezo ni nusu ya picha, na nusu inayopotea ndiyo yenye faida zaidi kwa watoto wetu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kilicho kando ya Ziwa Viktoria, mkoani Mwanza. Ualimu nilisomea Butimba. Hapa kijijini tuko watu wanne tunaopenda kupiga picha: mimi, muuguzi wa zahanati, fundi baiskeli na kijana mmoja mchuuzi wa dagaa. Jumapili jioni hukaa pamoja, kila mmoja akaonyesha picha moja na kueleza habari yake. Tuna sharti moja tu: asiyeweza kuieleza picha yake, haihesabiwi.

Nitoe mifano. Mgeni akifika Mwanza usiku usio na mwezi na kutazama ziwani, huona taa zimetapakaa juu ya maji kama mji mwingine. Hupiga picha na kusifu uzuri. Kweli ni uzuri. Lakini mchuuzi wetu alipotuonyesha picha ya namna hiyo, alitueleza mambo ambayo jicho peke yake haliyaoni. Taa hizo ni karabai, na siku hizi pia taa za umeme wa jua, zinazoelea majini ili kuwavuta dagaa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawakusanyiki kwenye taa, hivyo wavuvi wengi hupumzika mpaka giza lirudi. Kumbe picha ile ikiwa na tarehe ni kalenda ya kazi na ya mapato. Mimi mwalimu nikiitazama naelewa kwa nini wiki fulani michango ya chakula cha shule huja kwa wepesi, na wiki nyingine haiji kabisa.

Picha ya muuguzi ni ya mchana. Kina mama wanakusanya dagaa mchangani mbiombio, na wingu jeusi limesimama nyuma yao. Asiyejua atadhani wanashindana kwa mchezo. Dagaa waliokwisha anikwa wakinyeshewa huharibika, na wanaosalia huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mmoja wa kina mama hao alikuwa amenunua mzigo wake kwa fedha za mkopo. Msimu uliofuata alianika juu ya chanja, muuguzi akapiga picha ya pili. Picha hizo mbili, pamoja na maelezo yake, zimewashawishi watu wa kwetu kutengeneza chanja kuliko mikutano mitatu.

Fundi baiskeli anazo picha za kivuko cha Kigongo na Busisi: foleni ya malori, wauza karanga, abiria wamelala juu ya mizigo, mgonjwa ndani ya gari akingoja zamu ya kuvuka. Zilipopigwa zilikuwa picha za kila siku, hata mwenyewe alitaka kuzifuta ili simu ipate nafasi. Tarehe 19 Juni, 2025 daraja lenye urefu wa kilometa tatu lilizinduliwa hapo, na kwa siku moja picha hizo zikawa historia. Watoto wanaoanza darasa la kwanza sasa watakua wakilijua daraja tu. Nani atawaambia mtu alikuwa akingoja saa ngapi, na kwa nini mgonjwa yule alikuwa anatazama saa?

Kwa upande wangu, nina mazoea ya kupiga picha jabali moja la ufukweni, nikisimama mahali pale pale. Mei 2020 maji yalipanda mno. Kipimo cha Jinja, Uganda, kilifikia mita 13.42 na kupita kidogo rekodi ya mwaka 1964, na mwaka 2024 maji yakapanda zaidi ya hapo. Nilimwonyesha mzee mmoja picha hizo. Akaweka kidole juu ya jabali na kusema kwamba ile mvua ya uhuru ya 1961 na miaka iliyofuata ilileta maji mpaka usawa ule, na kwamba baba yake alihamisha nyumba. Akaongeza kwamba mwaka 2006, ziwa lilipopungua, watu walisahau wakajenga chini. Maneno hayo nimeyaandika. Mwananchi anayetafuta kiwanja karibu na ziwa akiyasoma, yatamfaa kuliko uzuri wa jabali.

Ndugu Mhariri, hasara ya kutoandika tumekwisha iona. Wasomaji wa makamo wanakumbuka filamu ya Darwin's Nightmare ya mwaka 2004, ya Hubert Sauper, iliyopigwa hapa Mwanza na ambayo kwetu ilivuma kwa habari ya mapanki. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaumu hadharani. Sitaki kuurudia ubishi ule. Ninachosema ni kwamba dunia iliona mapanki na kusikia maelezo ya mgeni, wakati sisi tuliokuwa tukiishi kando ya ziwa hatukuwa na picha zetu nyingi, zenye maneno yetu, ili mtazamaji alinganishe mwenyewe. Picha hujibiwa kwa picha yenye maelezo. Haijibiwi kwa hasira.

Tena jambo hili humgusa mtu mmoja mmoja. Mama mmoja wa kijijini kwetu alipigwa picha na wapita njia akiosha masufuria ziwani, amevaa nguo zake kuukuu za kazi. Baadaye picha hiyo ilionekana katika tangazo la kuomba misaada, na chini yake pameandikwa kwamba familia yake haina chakula. Siku ile alikuwa akiosha masufuria ya arusi ya binti yake, na ng'ombe wawili walikuwa wamechinjwa! Hakuna aliyemwuliza jina wala ruhusa. Binti yake ndiye aliyemsomea maneno yale, na tangu hapo mama huyo akiona kamera hugeuza uso. Nchi yetu inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni vema wananchi waijue. Lakini heshima hii ianze kwetu sisi wenyewe tunaopiga: kwanza tuombe ruhusa, kisha tuulize habari, ndipo tuandike.

Shuleni nimejaribu jambo moja ambalo walimu wenzangu wanaweza kulichukua. Niliwaagiza wanafunzi wa darasa la sita kila mmoja atafute picha moja ya zamani nyumbani, awaulize wakubwa, na kuandika mistari sita ya Kiswahili sanifu. Mtoto mmoja alileta picha iliyofifia ya babu yake akiwa na ndoo iliyojaa samaki wadogo. Bibi akamweleza kuwa hao ni furu, waliokuwa wakivuliwa kwa wingi kabla sangara hawajatapakaa ziwani katika miaka ya 1980. Darasa zima lilishangaa, kwa sababu hawakupata kuona furu wengi namna ile. Somo la sayansi, la historia na la Kiswahili vilipatikana katika ndoo moja. Bibi huyo sasa ni marehemu, lakini mistari sita ipo.

Wapo watakaosema kuwa simu huandika tarehe yenyewe. Ni kweli, ila simu haijui kwamba dagaa walikuwa wa mkopo, na picha ikitumwa kwa mtu mwingine mara nyingi hata tarehe hupotea. Wengine watasema hawana muda. Maelezo hayazidi mambo matano: mahali, tarehe, majina ya waliokubali kutajwa, kilichokuwa kikifanyika, na kilichotokea baadaye. Daftari la kawaida linatosha, na halizimiki wala halidondoki majini kama simu.

Kwa hiyo natoa wito kwa wapiga picha wa ridhaa popote walipo, tusibaki kuhesabu wangapi wamependa picha zetu. Wakuu wa shule watenge ubao mmoja wa picha na habari zake. Maktaba ya mkoa na makumbusho ya Wasukuma pale Bujora ziombwe kupokea nakala za picha zenye maelezo kamili. Nawe, Ndugu Mhariri, ukiweza, tenga kona ndogo kila wiki kwa picha ya mwananchi na habari yake.

Wazee wanaoweza kutueleza yaliyomo katika picha za zamani wanapungua kila mwaka. Tuwaulize wangali hai.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mwanza.