Filta ya Kompresa Kando ya Ziwa: Ipi, Wapi na Mpaka Lini

Katika ukanda wa Karungu, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, kompresa hufanya kazi zisizofanana hata kidogo. Kwenye mashimo ya dhahabu ya Macalder na vijiji jirani huendesha nyundo za kuvunja mwamba. Kwenye karakana za jua kali za Sori hujaza upepo magurudumu ya pikipiki na kupuliza rangi kwenye mabati ya magari. Hospitalini huzungusha kekee ya daktari wa meno, na ndani ya kila mashine ya kuzalisha oksijeni kando ya kitanda cha mgonjwa mna kompresa ndogo inayonguruma mchana na usiku.

Zote huvuta hewa ile ile ya kando ya Ziwa Victoria, lakini filta inayoifaa moja haiifai nyingine. Hasara nyingi huanzia dukani. Mwenye kompresa huomba filta ya nusu inchi kwa sababu paipu yake ni ya nusu inchi, naye muuzaji humpa. Hakuna aliyeuliza hewa hiyo inakwenda kufanya nini.

Swali hilo ndilo la kwanza, na jibu lake liko mwisho wa paipu, mahali hewa inapotumika. Ila kabla ya kufika huko, inafaa kujua kompresa imevuta nini.

Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya pwani. Ili kujaza tangi hadi bar 7 za geji, kompresa ya Sori hushindilia karibu lita 9 za hewa ya nje kuwa lita 1, wakati kompresa ya Mombasa hushindilia lita 8. Chochote kilichokuwa ndani ya lita hizo 9, kiwe vumbi la barabara, moshi wa dizeli au mvuke wa ziwa, hubanwa pamoja humo ndani.

Mvuke ndio unaoshangaza wengi. Siku ya nyuzi 28 za Selsiasi, unyevu ukiwa asilimia 70, kila mita moja ya ujazo ya hewa hubeba gramu 19 hivi za maji. Kompresa ya wastani inayovuta mita 100 za ujazo kwa saa humeza karibu lita 2 za maji kila saa bila mtu kuyaona. Hewa ikishashindiliwa na kupoa ndani ya tangi hushindwa kuyabeba yote, ikayatoa kama kitambaa kilicholowa kinapokamuliwa. Kwa zamu moja ya saa 8, zaidi ya lita 11 za maji hujikusanya katika tangi na paipu. Kompresa ya pistoni huongeza oili yake humo, kwa hiyo kinachotoka fundi anapofungua koki ya chini ya tangi si maji matupu, bali uji mwepesi wenye rangi ya maziwa na kutu.

Kuna pia wadudu wa ziwani. Hasa karibu na mwezi mwandamo, huinuka juu ya maji makundi makubwa yanayoonekana kwa mbali kama moshi, na upepo ukiyaleta ufuoni huziba filta ya kuvutia hewa kwa usiku mmoja. Kompresa iliyozibwa puani huchemka na kunywa oili nyingi. Karibu na ufuo, filta hiyo hukaguliwa kila wiki, na makundi hayo yakipita hukaguliwa asubuhi yake.

Dunia ina kipimo kimoja cha usafi wa hewa iliyoshindiliwa, nacho ni ISO 8573-1. Kipimo hiki huandikwa kwa tarakimu tatu: ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ya maji, ya tatu ya oili. Kadiri tarakimu inavyokuwa ndogo ndivyo hewa ilivyo safi zaidi. Kwa upande wa oili, daraja la 1 haliruhusu zaidi ya miligramu 0.01 katika mita ya ujazo, na daraja la 4 huruhusu hadi miligramu 5. Mnunuzi anayejua tarakimu zake tatu hauziwi filta asiyoihitaji.

Nyundo ya mgodini, kwa mfano, hutaka oili. Kabla ya hewa kuifikia, hupitishwa kwenye kikombe kinachodondosha oili ili pistoni yake isisagike. Kumfungia mchimbaji wa Macalder filta ya kunasa oili hadi miligramu 0.01 ni kumtupia pesa shimoni. Anachohitaji ni filta nzuri ya kuvutia hewa, kwa kuwa vumbi la mwamba hula silinda, pamoja na kitenga maji kilichofungwa kabla ya kikombe cha oili. Filta hizo, hata hivyo, hulinda mashine tu. Vumbi la mwamba linalomfikia mchimbaji mapafuni huzuiwa kwa kuchoronga mwamba ukiwa umelowa maji.

Mpiga rangi yuko upande wa pili kabisa. Tone moja la oili likipita huacha kidoa cha duara ambapo rangi inakataa kushika, na mlango mzima hupigwa msasa upya. Yeye huhitaji kitenga maji, kisha filta ya maikroni 1, kisha ya maikroni 0.01, zikiwa zimefungwa karibu na bunduki ya rangi, mahali ambapo hewa imeshapoa. Kiwanda cha sukari, kama kile cha SONY pale Awendo kilichoanza uzalishaji mwaka 1979, nacho huhitaji kingine: hewa kavu. Vali zinazoongozwa kwa hewa zina vitundu vyembamba sana, na tone la maji yenye kutu hutosha kuzikwamisha. Mdomo wa kuvutia hewa nao huwekwa mbali na lundo la makapi ya miwa.

Kwenye oksijeni hakuna nafasi ya kubahatisha. Mashine za kuizalisha, ndogo ya wodini na mtambo mkubwa kama ule ambao kampuni ya Hewatele iliujenga Siaya, hupitisha hewa kwenye chembe za zeolaiti zinazonasa naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite, hadi kufikia takriban asilimia 93. Zeolaiti ikipata maji au oili huharibika na haioshwi ikapona. Ndiyo sababu mtambo hutanguliwa na kikaushio, filta za kunasa matone na filta ya mkaa. Kwenye mashine ndogo, sponji ya pembeni huoshwa kwa maji na sabuni kila wiki, ikakauka kabisa ndipo ikarudishwa. Sponji iliyorudishwa mbichi hupeleka maji pale pale yanapokatazwa.

Mpangilio wa filta haubadilishwi: kinachonasa vitu vikubwa hutangulia. Kitenga maji kwanza, kisha filta ya maikroni 1, kisha ya 0.01, na mkaa mwisho. Mkaa hunasa mvuke na harufu ya oili, haunasi matone, na ukipata matone hufa upesi. Filta ya kunasa matone hupitisha hewa kutoka ndani kwenda nje, ili matone yaungane kwenye nyuzi zake, yatelemke chini na kumwagwa. Filta ya vumbi kavu kwa kawaida hupitisha kutoka nje kwenda ndani. Mshale uliochorwa kwenye kichwa cha filta ndio unaosema, na fundi akiifunga filta kinyume haifanyi kazi yake.

Ukubwa nao haupimwi kwa mdomo wa paipu. Kiasi cha hewa kilichoandikwa kwenye filta kwa kawaida ni cha bar 7. Filta hiyo hiyo ikitumika kwa bar 4, uwezo wake hushuka hadi karibu theluthi mbili, kwa sababu hewa iliyotanuka hukimbia kwa kasi zaidi na kuyapeperusha matone yaliyokwisha kunaswa.

Filta iliyojaa huendelea kupitisha hewa, ila hulipwa kwa umeme. Kila bar moja inayopotea njiani huongeza takriban asilimia 7 ya nguvu zinazotumika. Kompresa ya kilowati 11 inayofanya kazi saa 8 kwa siku 300 hutumia yuniti 26,400 kwa mwaka. Filta inayomeza bar 0.7 huongeza yuniti 1,300 hivi, na mwenye karakana akizizidisha kwa bei iliyo kwenye bili yake ya Kenya Power, mara nyingi ataona kwamba filta mpya ni rahisi zaidi. Geji ya tofauti ya shinikizo ikionyesha kati ya bar 0.35 na 0.7, au mwaka ukiisha, filta ya kunasa matone hubadilishwa. Haioshwi wala haipulizwi, kwani nyuzi zake zikipasuka hupitisha kila kitu huku geji ikionyesha kwamba mambo ni mazuri. Mkaa hauna dalili kwenye geji, kwa hiyo hubadilishwa kwa kuhesabu saa alizotaja mtengenezaji.

Kazi ya kubadilisha huchukua dakika chache ikifuatwa kwa utaratibu. Vali ya kuingilia hufungwa, koki ya chini hufunguliwa mpaka mfoko wa hewa unyamaze kabisa, ndipo kikombe cha filta huzungushwa kwa mkono. Kikigoma, bado mna hewa. Ringi ya mpira hufutwa na kukaguliwa, filta mpya hushikwa kwenye kifuniko chake bila kugusa nyuzi, na tarehe huandikwa ubavuni kwa kalamu ya wino mzito. Kikombe cha plastiki huoshwa kwa maji na sabuni pekee, kwa maana petroli na tina hukidhoofisha hadi kikapasuka kikiwa na hewa ndani.

Kuna sumu moja ambayo hakuna filta kati ya hizi inayoizuia: kaboni monoksaidi ya moshi wa injini. Haina rangi wala harufu, na mkaa hauinasi. Pale ambapo hewa ya kompresa ya dizeli hupelekwa shimoni ili watu wapumue, mdomo wa kuvutia hewa huinuliwa na kuwekwa upande upepo unakotoka, nalo bomba la moshi upande wa pili. Kando ya ziwa upepo huvuma kutoka majini mchana na kugeuka usiku, kwa hiyo mpangilio uliofaa saa 8 alasiri unaweza kuvuta moshi saa 8 usiku. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumua, EN 12021, hakiruhusu zaidi ya sehemu 5 za gesi hiyo kwa milioni. Kinachoiona ni kipima gesi chenye king'ora, nacho huwekwa chini alipo mchimbaji, pamoja na njia ya kumjulisha aliye juu azime injini.