Metali Nayo Huchoka

Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyojaa watu waliotoka kwenye sherehe za mfalme huko Versailles, Ufaransa, ilikuwa ikirudi Paris pale ekseli ya injini ya mbele ilipokatika. Mabehewa yakapandiana, moto ukashika, na makumi ya abiria wakateketea kwa kuwa milango ilikuwa imefungwa. Miaka ile ekseli nyingi zilikatika namna hiyo, chini ya mzigo uleule ziliokuwa zikiubeba siku zote.

Mhandisi wa reli wa Ujerumani, August Wöhler, aliisaka sababu katika miaka ya 1850 na 1860 kwa mashine zilizozungusha ekseli huku zimeelemewa na mzigo. Ekseli inapozunguka, upande wa juu huvutwa na wa chini hubanwa, na kila nusu mzunguko pande hizo hubadilishana. Mahali penye mkwaruzo, kona kali au tundu la bolti huzaliwa ufa mdogo, nao hurefuka kidogokidogo mpaka sehemu iliyobaki ishindwe kubeba. Huo ndio uchovu wa metali, na jicho la fundi huutambua: uso wa mvunjiko huwa laini pale ufa ulipotambaa, na wenye chembechembe pale metali ilipokatika kwa mara moja.

Ndiyo maana nguvu inayoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji haitoshi. Chuma cha kawaida, kile cha mageti na trela, huvumilia mvuto mmoja wa takriban megapaskali 400. Mzigo ukirudiwarudiwa, hustahimili karibu nusu yake, 200, na chini ya hapo unaweza kurudiwa bila kikomo. Aloi ya alumini na zinki iitwayo 7075 hukishinda chuma hicho kwa mvuto mmoja, ikifikia takriban 570. Lakini baada ya mizunguko milioni 500 hubakiwa na 160 hivi, na aloi ya alumini iitwayo 6061, ya fremu nyingi za baiskeli, hushuka kutoka 310 hadi chini kidogo ya 100. Tena alumini haina sakafu kama ya chuma: hata mzigo mdogo, ukirudiwa vya kutosha, utaivunja. Titani iliyochanganywa na alumini na vanadi huzipita zote, zaidi ya 900 kwa mvuto mmoja na kama 500 kwa mizunguko milioni 10, ila bei yake huiweka mbali na wengi wetu.

Hata hivyo alumini isidharauliwe. Uzito wake ni kama theluthi ya chuma, hivyo kilo kwa kilo bado inashindana vizuri, na ndege zimejengwa kwayo kwa miongo mingi. Sharti ni kuhesabu umri wake. Mwaka 1954 ndege mbili za abiria aina ya Comet zilipasukia angani juu ya Mediterania. Wachunguzi wa Farnborough, Uingereza, waliizamisha nyingine katika tangi la maji na kuijaza na kuipunguza shinikizo mfululizo. Bodi yake ilipasuka kwenye kona ya uwazi wa dirisha baada ya safari takriban 3,000, za angani na za tangini pamoja.

Kwa wanaochomelea chasisi za malori yetu, jambo zito zaidi ni hili: kiungo kilichochomelewa hakipati nafuu kubwa kwa kutumia chuma chenye nguvu zaidi. Ukingoni mwa mchomeleo tayari pana vijipasuko, kwa hiyo ufa hauhitaji kuanza upya, na chuma ghali na cha bei rahisi huchoka karibu sawa. Kwenye hewa ya chumvi ya pwani, kutu huiondoa hata ile sakafu ya chuma. Kinachosaidia ni grenda: ukingo wa mchomeleo ulainishwe, na mikwaruzo ya diski ielekee upande nguvu inakovuta, isiukate.