Ufugaji wa Samaki Kondoa: Maji Kwanza

Ufugaji wa samaki huipatia kaya kitoweo na kipato. Hata hivyo, katika wilaya kame kama yetu, bwawa hudumu pale tu linapotunza ardhi, mtaji na ujirani mwema.

Kimazingira, wakazi wa Kondoa wanaijua gharama ya ardhi iliyochoka. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika maeneo yaliyomomonyoka ili uoto urejee. Hivyo, bwawa lisichimbwe korongoni, ambako mafuriko hulijaza mchanga, na kingo zake zipandwe nyasi. Udongo wa kichanga huvujisha maji. Chagua penye mfinyanzi au tandika turubai. Maji yanayotolewa bwawani yana rutuba: yaelekezwe bustanini, yasimwagwe mtoni.

Kiuchumi, chakula ndicho gharama kubwa. Pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, yanayopatikana hapa hapa, huipunguza. Perege huzaliana haraka, na wakisongamana hudumaa; ni vyema kupandikiza vifaranga madume pekee.

Kijamii, maji ni ya wote. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayechepusha maji ya mto awe na kibali. Bwawa linalokausha kisima cha jirani huvuna ugomvi kabla ya samaki. Aidha, lizungushiwe uzio kwa usalama wa watoto.

Kabla ya kuchimba, mwananchi anashauriwa kumwona Afisa Uvuvi wa halmashauri ili eneo likaguliwe.