Kwa Nini Makoloni ya Bakteria Hayafanani

Mgonjwa anapoambiwa kwamba usaha au mkojo wake umepelekwa maabara "kuoteshwa", neno hilo si fumbo. Sampuli hupakwa juu ya sahani yenye chakula cha bakteria kilichogandishwa kwa agari, itokanayo na mwani mwekundu, kisha sahani hulazwa katika joto la nyuzi 35 hadi 37. Asubuhi yake, pale palipokuwa hapana kitu, huonekana madoa. Kila doa ni koloni, yaani mamilioni ya bakteria ambao kwa kawaida ni uzao wa mmoja tu aliyetua hapo na kuanza kujigawa. Escherichia coli, akipata chakula na joto la kumtosha, hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi.

Mtaalamu wa maabara huyasoma madoa hayo kwa macho kabla ya kufanya kipimo kingine. Makoloni ya Staphylococcus aureus ni ya mviringo na mara nyingi yana rangi inayokaribia dhahabu. Ndiyo maana ya neno hilo la Kilatini. Streptococcus pyogenes, asababishaye maumivu ya koo, hutambulika zaidi kwa kile anachokiharibu: juu ya agari yenye damu huzivunja chembe nyekundu, na koloni lake dogo huzungukwa na duara angavu. Proteus hatulii mahali pamoja, bali hutambaa juu ya sahani kama mawimbi. Koloni la Klebsiella likiguswa kwa kitanzi cha maabara huvutika kama mlenda. Bakteria wa kifua kikuu huhitaji wiki kadhaa, na makoloni yao ni makavu, yenye mikunjo.

Baadhi ya sura hizo hutoka kwa bakteria mwenyewe. Ule mlenda ni ganda la sukari linalomkinga asimezwe na chembe nyeupe za damu. Mwaka 1928 tabibu Mwingereza Frederick Griffith alichapisha majaribio yake juu ya bakteria wa nimonia: wenye makoloni laini yanayong'aa waliwaua panya, na wenye makoloni ya kukwaruza hawakuwadhuru. Waliokwaruza walikuwa wamepoteza ganda. Doa lilionekana tofauti kwa sababu bakteria mwenyewe alikuwa tofauti, na tofauti hiyo ilikuwa ya kufa na kupona.

Rangi nyingine hutokana na chakula chenyewe. Katika agari ya MacConkey mna sukari ya maziwa na kemikali inayobadilika rangi panapotokea asidi. E. coli huichachusha sukari hiyo na koloni lake huwa la waridi. Salmonella na Shigella hawaichachushi, nao hubaki bila rangi. Kwa mgonjwa wa kuhara, koloni lisilo na rangi ndilo la kutiliwa shaka kwanza.

Ugumu huanza sahani moja inapokuwa na sura mbalimbali. Mkojo ukiotesha aina tatu au zaidi, mara nyingi umechanganyika na bakteria wa ngozi, na mgonjwa huombwa kujisafisha na kuleta mkojo wa katikati. Ombi hilo si uzembe wa maabara, ingawa wengi huliona hivyo.

Lakini sura mbili zaweza pia kuwa za bakteria mmoja. Katika maambukizi ya mifupa yaliyodumu, Staphylococcus aureus huweza kutoa vikoloni vidogo mno, takriban sehemu moja ya kumi ya koloni la kawaida, visivyo na dhahabu yake. Huenda visionekane mpaka siku ya pili au ya tatu. Bakteria hawa hukua polepole, na upole huo ndio ngao yao: hujificha ndani ya seli za mgonjwa, na jentamisini, ambayo hutegemea nishati ya bakteria ili impenye, huingia kwa shida. Sahani ikitupwa baada ya saa 24, jibu huandikwa "hakuna kilichoota", na mtu ambaye mguu wake unatoa usaha kwa mwezi wa nne huambiwa hana vimelea. Vikoloni hivyo vikionekana kando ya vikubwa, kila aina hupaswa kutengwa na kupimwa dawa peke yake.

Jicho nalo lina mpaka wake. Staphylococcus aureus anayeuawa na kloksasilini na yule aliye sugu kwayo hufanana kabisa sahanini. Usugu hauna rangi. Kwa hiyo daktari anayetuma sampuli ya mfupa na aandike kwenye fomu muda ambao ugonjwa umedumu na antibiotiki alizokwisha kupewa mgonjwa, ili maabara iiache sahani siku tatu badala ya moja.