Vifaranga, rele na kipimo cha joto

Katika namba iliyopita tuliahidi kuongea juu ya ile mashine ya joto ya vifaranga. Wengi wenu mulituuliza kama ni kweli iliua. Ni kweli. Mwaka jana, mwezi wa saba, tulipoteza vifaranga 63 kati ya 300 katika usiku mmoja, na kosa lilikuwa letu sisi wenye kuiweka, siyo la koperative. Tunaeleza yote hapa, kusudi wengine wasirudilie.

Wenye kuishi kandokando ya Lubumbashi wanajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Mchana jua linawaka, usiku unatafuta blanketi ya pili. Kifaranga wa siku moja hana bado manyoya ya kumfunika. Juma la kwanza anahitaji joto la digrii 32 mpaka 35, kisha unapunguza karibu digrii 3 kila juma. Kwa wengi joto hilo linatoka ku mbabula: mtu analala kando, anaamka kuongeza makala, na siku moja usingizi unamshinda. Tena makala inatoa ile hewa ya sumu isiyo na harufu. Chumba kikifungwa kabisa, inaua vifaranga na mwenye kuwalinda.

Koperative yenyewe, upande wa barabara ya Kasenga, ilikuwa na taa nne za joto za wati 250 kila moja. Mama prezida alituuliza: « Hamuwezi kututafutia kitu ya kufunga na kufungula taa yenyewe, hata tukilala? » Tukasema ndiyo. Tulisema ndiyo haraka sana.

Hivi ndivyo tuliweka. Kwanza kipimo cha joto, ile sonde inayoitwa DS18B20, ndani ya kichuma kisichoingia maji, iko na nyuzi tatu tu. Ni ya bei ndogo na haidanganyi sana: kati ya digrii 10 chini ya sufuri na digrii 85 juu, inakosea nusu ya digrii. Pili, kadi ndogo yenye wifi, ya dola chache. Tatu, rele. Rele ni enteriptere ambayo haibonyezwi na kidole: umeme mdogo wa kadi unavuta sumaku, sumaku inasukuma chuma, na umeme mkubwa wa 220 unapita kwenda ku taa. Unasikia « tak », taa inawaka.

Nne, komputa ndogo, Raspberry Pi, yenye programu ya kuongoza nyumba inayoitwa Home Assistant. Paulus Schoutsen aliianzisha mwaka 2013; ni ya bure, na watu ulaya wanaitumikisha kufunga mapazia na kupasha joto sebule. Sisi tuliichagua kwa sababu moja: inakaa ndani ya nyumba yenu na inatumika hata kama intaneti imekatika. Programu nyingi za namna hiyo zinapashwa kwanza kuuliza komputa moja ya mbali sana mbele ya kuwasha taa iliyo mita tatu na wewe. Kwetu, ambako mega zinaisha katikati ya mwezi, hiyo haifai.

Kadi na komputa zinaongea kwa njia inayoitwa MQTT, iliyotengenezwa mwaka 1999 kwa kufuata mabomba ya petroli kwa njia ya satelaiti, mahali ambapo kila neno linalotumwa linalipwa. Fikiri mtu mmoja wa posta katikati. Kadi inamletea barua: « joto la chumba, 33 ». Komputa imemwambia mbele ya wakati kama inataka barua zote za joto la chumba. Anapeleka. Komputa nayo inatuma barua ingine: « taa, zima ».

Programu tuliipa kanuni mbili. Joto likishuka chini ya 32, washa taa. Likipita 35, zima. Majuma mawili kila kitu kilikuwa muzuri, na Papa sentinele alikuwa analala usiku muzima kwa mara ya kwanza. Tulipiga picha. Tulikwenda.

Siku ya kufagia, mtu alivuta kidogo waya wa kipimo. Haukukatika, ulilegea tu. Sasa sikieni: sonde hii ikikosa kujibu, programu tuliyoandika ndani ya kadi haisemi « sijui ». Inatuma namba 127 chini ya sufuri. Maana yake kwa fundi ni « kipimo hakipo ». Lakini barua ilifika ku komputa kama joto la kweli, na kanuni yetu ikasoma: 127 chini ya sufuri ni chini ya 32, washa taa. Iliwasha zote nne. Na usiku ule, kwa bahati mbaya, umeme haukukatika hata dakika moja.

Komputa ilituma pia ujumbe ku simu ya Mama prezida, kama tulivyoipanga. Simu yake haikuwa na mega. Asubui, aliponunua mega sokoni, ujumbe uliingia: « Baridi kali, digrii -127 ». Wakati huo alikuwa amekwisha kuona. Vifaranga walikuwa wamejikusanya ku kona ya mbali, mabawa wazi, midomo wazi, wengine wamelala juu ya wengine. Alitupigia simu, akasema neno moja ambalo hatujasahau: « Mashine yenu inaogopa baridi kuliko batoto ba kuku. »

Hatukuwa na jibu. Koperative ilidai tulipe vifaranga, na tulilipa.

Nyuma ya pale tulikaa na wao siku tatu kubadilisha mambo, na fundi kijana wa koperative ndiye alituonyesha kosa kubwa kuliko yote. Aliuliza: « Juu ya nini komputa ndiyo inaamua? Wifi ikikufa, nani anazima taa? » Alikuwa na haki. Tuliweka akili mbali na vifaranga. Kama wifi ingekufa taa zikiwa zinawaka, zingeendelea kuwaka, kwa kuwa hakuna mwenye kutuma barua ya kuzima.

Kwa hiyo sasa kadi yenyewe inaamua. Tumeipa programu ingine, ESPHome, yenye kuweza kubeba kanuni za joto ndani ya kadi. Komputa inabaki na kazi ya kuonyesha, kuandika joto la kila saa, na kubadilisha kipimo cha juma. Hapa kuna mtego uliotusumbua siku mbili: kadi ya namna hii ikikosa kuongea na komputa kwa dakika 15, inajizima na kujiwasha upya yenyewe, tena na tena, kwa kufikiri inajitibu. Inapashwa kuambiwa kwa maandishi isifanye hivyo, kwa kuweka ule muda kuwa sufuri. Angalieni jambo hilo mbele ya kulala.

Kisha tukafundisha kadi kukataa upumbavu. Kila namba chini ya 0 ao juu ya 60 inatupwa. Hiyo inafunga mlango pia kwa 85, kwa sababu sonde hii ikipata umeme sasa hivi na haijapima bado, inajibu digrii 85 kamili. Tumeweka sonde mbili ku waya moja. Inawezekana kwa kuwa kila sonde inazaliwa na namba yake isiyofanana na ya mwenzake, na rezistansi moja ya kilo-om 4.7 inatosha kwa zote mbili. Zikipishana zaidi ya digrii 3, kengele inalia. Zote mbili zikinyamaza, taa zinazimwa na kengele inalia, mtu anakuja na mbabula. Na tumezishusha. Mwanzo tulifunga sonde ku ukuta, urefu wa kichwa cha mtu, kwa sababu waya ulifika pale vizuri. Kifaranga haishi pale. Sasa ziko urefu wa mgongo wake, pembeni kidogo ya taa.

Juu ya kengele, tuliacha mambo ya simu. Ni king'ora cha volti 12 ku batri, ndani ya nyumba ya Papa sentinele. Rele iko na milango miwili: mmoja unafunguka rele ikivutwa, mwingine unafunguka rele ikiachwa. Taa tulifunga ku mlango wa kwanza. King'ora tulifunga ku ule wa pili, na kadi inavuta rele yake wakati wote kama kila kitu ni sawa. Kadi ikikufa, ikiungua, ikinyimwa umeme, rele inaachwa na king'ora kinalia chenyewe, bila mtu wala programu kukiamuru. Papa sentinele hakipendi. Anasema kinaamsha hata wafu wa kijiji cha pili.

MQTT nayo iko na kitu kizuri ambacho mara ya kwanza tulikidharau: wosia. Kadi ikijiunga, inamwachia mtu wa posta barua iliyofungwa: « Nikipotea bila kuaga, uitume hii. » Ikipotea, barua inatoka, na ku komputa kipimo kinaandikwa « hakipatikani ». Lakini fahamuni: kanuni ya « chini ya 32 » haisikii neno « hakipatikani », kwa sababu siyo namba. Inanyamaza. Mnapashwa kuandika kanuni ya pekee kwa ajili ya ukimya.

Kitu cha mwisho hakina programu kabisa. Taa ya joto ikiwa baridi, sekunde ile inawaka inavuta umeme kama mara kumi ya kawaida, na siku moja chuma cha rele kinashikana kama kimechomelewa. Hapo kadi inasema « zima » na taa inaendelea. Kwa hiyo tumeweka termostati ya kawaida ya kuzungusha kwa mkono, imepangwa ku 38, ku waya uleule wa taa. Inakata hata kama wote wengine wamekosea. Waya wa 220, na dijonktere yake, vifanywe na fundi wa umeme, siyo na mwanafunzi mwenye hamu.

Wengine wametuuliza kama inafaa kununua haya yote. Kwa vifaranga 30, hapana. Kuku mama anajua kazi kuliko sisi. Na umeme ukikatika, taa hazina maana, mashine inabaki na kazi moja tu, ya kuamsha mtu wa mbabula. Kwa hiyo tunaomba batri ya kadi na ya king'ora isifungwe ku televizyo. Imetokea.

Mwezi wa tano, mbele ya baridi kuanza, koperative itapokea vifaranga wengine 300. Tumeombwa kulala pale usiku tatu za kwanza, na Mama prezida amesema wazi kama tutalala ndani ya chumba cha king'ora.